Ritifaa na Sikio: Umilikishi wa Wingi na Uakifishaji wa Kiingereza kwa Wasemaji wa Kishubi na Kiswahili wa Murukulazo



Mhadhara huu unahusu alama moja ndogo ya maandishi, yaani ritifaa, na kazi inayopewa katika Kiingereza ya kuonyesha kwamba kitu ni cha mtu mmoja au ni cha watu wengi. Huenda mada hii ikaonekana ni ya darasani mno kwa mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Sababu ya kuileta mbele ya hadhira hii ni kwamba ugumu wake, kwa mwanafunzi wa Tanzania, haueleweki kwa kukitazama Kiingereza peke yake. Unaeleweka kwa kuzitazama lugha ambazo mwanafunzi huyo anazo kabla ya kukutana na Kiingereza. Na zikitazamwa vizuri, lugha hizo hizo zinatoa njia ya kuutatua. Dai linalotetewa hapa ni kwamba Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu hutamka kwa viambishi yale ambayo Kiingereza huyaachia kalamu. Kwa hiyo mwalimu anayekifukuza Kiswahili darasani wakati wa kufundisha umilikishi wa Kiingereza anatupa kipimo ambacho mwanafunzi wake anakiamini kuliko vyote.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Murukulazo, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, nchi ya Washubi. Mtoto wa huko hukua na Kishubi nyumbani, husikia Kihangaza kwa majirani, na ng'ambo ya mpaka kuna Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili hukutana nacho sokoni, kanisani na shuleni. Kiingereza huja mwishoni, na huja hasa kwa njia ya daftari. Malcolm Guthrie aliziweka lugha hizi katika kundi la D60: Kinyarwanda D61, Kirundi D62, Kishubi D64, Kihangaza D65 na Kiha D66. Baadaye wataalamu wa Tervuren waliunda kanda ya J na kulihamishia kundi hilo humo, ndiyo maana siku hizi huandikwa JD64 kwa Kishubi. Tofauti hiyo ya herufi haiathiri hoja ya leo. Lenye uzito ni kwamba lugha zote za kundi hili hujenga umilikishi kwa namna moja, na namna hiyo ni ndugu ya ile ya Kiswahili.

Kalamu za walimu

Yachukuliwe maneno mawili ya kawaida, kalamu na mwalimu. Kiswahili kina uwezo wa kusema "kalamu ya mwalimu", "kalamu za mwalimu", "kalamu ya walimu" na "kalamu za walimu". Hizo ni hali nne, na kila moja ina sauti yake. Neno kalamu lenyewe halibadiliki, kwa kuwa ni la ngeli ya N; wingi wake unabebwa na -a unganifu, yaani ya au za. Wingi wa mwenye kalamu unabebwa na kiambishi awali cha jina lake, mw- au wa-. Hata anayesikiliza kwa simu yenye mkwaruzo hutambua ni kalamu ngapi na ni walimu wangapi.

Kirundi, ambacho kina maandishi mengi kuliko Kishubi na kwa hiyo kinafaa zaidi kwa mfano wa ukurasani, hufanya vivyo hivyo: "inka y'umugabo", "inka z'umugabo", "inka y'abagabo", "inka z'abagabo". Ng'ombe ni mmoja au wengi kwa y au z. Mwanamume ni mmoja au wengi kwa umu- au aba-. Hali ni nne na sauti ni nne.

Kiingereza huandika "the teacher's pen", "the teacher's pens", "the teachers' pen" na "the teachers' pens". Katika karatasi hali ni nne. Katika sikio ni mbili tu, kwa sababu kinachosikika ni kalamu moja au kalamu nyingi. Idadi ya walimu haisikiki kabisa. Teacher's na teachers' hutamkwa sawasawa, na teachers ya wingi mtupu, isiyomiliki kitu, nayo hutamkwa hivyo hivyo. Maumbo matatu ya sarufi yamevaa sauti moja, na kinachoyatenganisha ni kinukta chenye mkia kilichoning'inizwa juu ya mstari.

Kalenda za ukutani nchini Tanzania zinatosha kuwa ushahidi. Tarehe 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi, 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na 8 Agosti, Nane Nane, ni Sikukuu ya Wakulima. Hakuna mpiga chapa ambaye kwa bahati mbaya ataandika "Sikukuu ya Mfanyakazi". Ulimi wake mwenyewe ungemkataza. Lakini upande wa Kiingereza wa kalenda hizo hizo hutokea Workers' Day, Worker's Day na Workers Day, na msomaji hupita bila kushtuka, kwa kuwa masikio yake hayana la kupinga. Chama cha Walimu Tanzania, ambacho kwa Kiingereza ni Tanzania Teachers' Union, nacho huandikwa na watu kwa namna zote tatu, na wanaoandika hivyo wakati mwingine ni walimu wa Kiingereza.

Inafaa kutaja kwamba si majina yote ya Kiingereza yana bubu huo. Child na children, man na men, woman na women hutofautiana kwa sauti, na kwa hiyo child's na children's husikika mbali mbali. Hayo ni mabaki ya tabia ya zamani ya lugha hiyo, tabia ambayo inahitaji kuelezwa, maana bila historia mwanafunzi hudhani kwamba Waingereza waliamua tu kumtesa.

Alama iliyofika imechelewa

Kiingereza cha Kale kilikuwa na viambishi tamati vya umilikishi vilivyosikika. Cyning, mfalme, katika umoja wa umilikishi ilikuwa cyninges, na katika wingi ilikuwa cyninga. Msikilizaji wa wakati huo alijua kama ngao ilikuwa ya mfalme mmoja au ya wafalme wengi kama vile Mshubi anavyojua leo. Baadaye viambishi tamati vilichakaa. Irabu za mwisho zilififia, -es ikaenea, ikawa ya wingi na ya umilikishi kwa pamoja, kisha hata e yake ikanyamaza katika maneno mengi. Lugha ikabaki na s moja yenye kazi mbili.

Ritifaa iliingia Uingereza katika karne ya 16 kutoka Ufaransa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba sauti imedondoshwa. Iliwekwa katika umilikishi kwa mantiki hiyo: e ya -es imeondoka, basi pawekwe alama mahali pake. Matumizi yake katika umilikishi wa umoja yalizoeleka kuelekea mwisho wa karne ya 17. Ile ya wingi, inayokaa baada ya s, ilitulia katika karne ya 18, na wachapaji na wanasarufi waliendelea kubishana juu yake. Kwa hiyo alama ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hunyang'anywa maksi kwa ajili yake ni kanuni changa, iliyobuniwa kuziba pengo lililoachwa na mofimu iliyokufa. Ni ukumbusho wa sauti isiyokuwapo tena.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo mtu wa Kiswahili hawezi kulipita bila kutabasamu. Katika karne za 16 na 17 Waingereza wengi waliamini kwamba s ya umilikishi ni ufupisho wa his, yaani -ake. Waliandika mfalme, kisha his, kisha kitabu. Tamthiliya ya Ben Jonson iliyochapwa mwaka 1605 inaitwa Sejanus His Fall. Wanaisimu wanakubaliana kwamba nasaba hiyo ni ya uongo. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili muundo wenyewe hauna ajabu hata kidogo: "Mfalme, kitabu chake kimepotea" ni sentensi safi. Laiti dhana hiyo ingekuwa kweli, watoto wa Murukulazo wangejifunza umilikishi wa Kiingereza kwa siku moja.

Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajaizoea alama hii. Makosa ya kuiweka katika wingi wa kawaida yana jina la utani kwao, ritifaa ya wauza mboga, kwa sababu ya vibao vya bei vya sokoni. Bodi ya Majina ya Kijiografia ya Marekani, tangu ilipoanzishwa mwaka 1890, imekuwa ikiondoa ritifaa ya umilikishi katika majina ya mahali, isipokuwa machache. Halmashauri ya jiji la Birmingham ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitaitumia katika vibao vya barabara. Mwaka 2001 John Richards, mhariri mstaafu, alianzisha chama cha kuitetea, na mwaka 2019 akatangaza kukifunga akisema kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Kauli hiyo ni ya mtu aliyechoka, na si maelezo ya kiisimu. Alama isiyo na sauti hukosewa na werevu pia.

Ngara na ng'ara

Mwanafunzi wa Murukulazo hafiki kwa Kiingereza akiwa hajawahi kuiona ritifaa. Ameiona mapema sana, na hapo ndipo tatizo lake linapotofautiana na la mwenzake wa Birmingham.

Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya herufi. Tahajia iliyosanifishwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 inatumia ng' kwa nazali ya kaakaa laini, na ng bila alama kwa nazali hiyo ikifuatana na g. Mtoto wa wilaya hii ana mfano mlangoni pake: Ngara ni jina la wilaya, na ng'ara ni kutoa mwanga. Akiisoma moja badala ya nyingine, darasa zima hucheka. Ng'oa na ngoa, kung'oa mti na kulia ngoa, ni jozi nyingine ya namna hiyo. Ritifaa hapa inasikika. Ukiifuta, neno limebadilika mdomoni.

Katika Kirundi na Kinyarwanda ritifaa hufanya kazi nyingine. Kihusishi cha umilikishi kina irabu a. Kikikutana na irabu ya mwanzo ya jina, a hudondoka na alama huwekwa mahali pake: za abagabo huwa z'abagabo. Na kiunganishi na hufanya vivyo hivyo, n'abagabo. Maandishi ya namna hii si mageni Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wowote wa jirani. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Katika miaka hiyo yote vitabu vya nyimbo, matangazo ya mashirika na mbao za shule za kambini viliandikwa kwa lugha hizo, na Radio Kwizera, iliyoanza Ngara mwaka 1995, ilizitangaza. Mshubi anayesoma z'abagabo haoni lugha ya kigeni. Anaona sarufi ya nyumbani kwake katika nguo za jirani.

Basi kijana huyu ana ritifaa mbili kabla ya ile ya Kiingereza. Moja inaonyesha sauti maalumu, ya pili inaonyesha irabu iliyomezwa, na zote mbili humwongoza kutamka. Tena ile ya pili imekaa palepale penye umilikishi, kati ya kitu na mwenye kitu, nayo huandikwa vilevile mwenye kitu awe mmoja au wengi, kwa sababu idadi imekwisha kusemwa na umu- au aba-. Anapofika kwa Kiingereza anakuta alama ile ile, katika ujenzi wa maana ile ile, ambayo sasa haimwambii mdomo wake lolote, lakini inadai kubeba idadi. Kwa mtu aliyefunzwa na lugha mbili kwamba ritifaa huongoza ulimi, ni madai mazito.

Makosa anayoyafanya yanafuata kutoka hapo, na kila msahihishaji wa daftari anayajua: "The teacher's are in the office", ambapo wingi mtupu umepewa alama, "childrens'", ambapo s imedhaniwa kuwa ndiyo wingi, na lile la kawaida kuliko yote, alama kuachwa kabisa. Haifai kuyaita uzembe. Yanaonyesha mtu anayetafuta kazi ya sauti katika alama isiyo na sauti.

Kipimo cha Kiswahili

Vitabu vingi vya shule hufundisha kwa kuanzia kwenye s: umoja, alama kabla ya s; wingi, alama baada ya s. Kanuni hiyo inaanguka mara tu inapokutana na children, na mwanafunzi hupewa orodha ya "maneno yasiyofuata kanuni". Ilhali maneno hayo hayajavunja kanuni yoyote. Aliyeivunja ni mtungaji wa kanuni, kwa kuanzia mkiani.

Njia iliyo nyepesi zaidi kwa Mtanzania ni kuanzia kwa mwenye kitu. Mwanafunzi aseme kwanza kwa Kiswahili: vitabu vya nani? Kama ni vya mwalimu, aandike teacher, aweke alama, aongeze s. Kama ni vya walimu, aandike teachers, jina zima pamoja na wingi wake, kisha aweke alama. S ya wingi imekwisha kuwapo, basi haongezi nyingine. Kama ni vya watoto, aandike children, aweke alama. Jina hili halina s ya wingi, basi aiongeze. Kanuni ni moja: mwenye kitu huandikwa mzima kwanza, kisha alama. Na kama jibu la "vya nani?" halipo, kwa mfano katika "walimu wako ofisini", hakuna -a unganifu, na kwa hiyo hakuna alama. Kosa la wauza mboga linakufa hapo hapo.

Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu mw- na wa- havikosewi na mtu yeyote aliyemaliza darasa la pili. Mwanafunzi haombwi kukumbuka mahali pa kinukta. Anaombwa kusikia tofauti ambayo amekuwa akiisikia tangu kuzaliwa. Mshubi anaweza hata kukipeleka nyuma zaidi, kwenye viambishi vya Kishubi, na jibu litakuwa lile lile. Viwakilishi vya Kiingereza, its na theirs, havimo katika hesabu hii na havina alama. Hilo lisemwe mara moja darasani na kuachwa.

Lakini kipimo hicho kinahitaji ruhusa ya kusema Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, na hapo mambo yanakuwa ya sera. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea masomo mengine. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walilirudia suala hilo kwa kina mwaka 1997. Mjadala huo unajulikana na hauhitaji kurudiwa leo. Linalosahauliwa ni athari yake ndani ya somo la Kiingereza lenyewe: katika baadhi ya shule bado kuna vibao vya kuamuru Kiingereza tu, na anayekamatwa akisema Kiswahili huadhibiwa. Kibao hicho, penye mada ya umilikishi, kinamnyima mwanafunzi rula na kumwamuru apime kwa macho. Kuwazuia watoto kutumia wanachokijua ili wajifunze wasichokijua ni ualimu mbaya hata kwa anayekitakia Kiingereza mema.

Mkato

Alama nyingine za uakifishaji hazina ugumu wa namna moja. Mkato, kwa mfano, mara nyingi huandamana na mpumuo wa sauti, na kwa hiyo hushikika upesi. Mtu anayesema "walimu waliohudhuria semina walilipwa" hupita bila kusimama, na maana ni kwamba wasiohudhuria hawakulipwa. Anayesema "walimu, ambao walihudhuria semina, walilipwa" hupumua mara mbili, na maana ni kwamba walimu wote walihudhuria na wote walilipwa. Kiingereza hutofautisha vivyo hivyo, kwa mpumuo na kwa mkato. Mhasibu wa halmashauri angeielewa tofauti hiyo katika lugha yoyote.

Kuna sehemu moja tu ambapo mkato wa Kiswahili humponza mwanafunzi. "Akaamka, akanawa uso, akachukua jembe, akaenda shambani" ni sentensi moja nzuri ya Kiswahili, na mikato yake mitatu inatosha. Kiambishi -ka- ndicho kinachofunga tendo na tendo lililotangulia. Mkato unapumzisha tu. Mwanafunzi akiihamisha, "He woke up, he washed his face, he took the hoe, he went to the farm", msahihishaji wa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya yote. Kiingereza hakina -ka-, na mkato wake peke yake hauna nguvu ya kuunganisha sentensi kamili; hudai kiunganishi, nukta-mkato au nukta. Mwalimu akieleza kwamba kilichokosekana ni -ka-, mwanafunzi huelewa. Akisema tu "mkato umekosewa", mwanafunzi huanza kuondoa mikato ovyo, hata iliyo mahali pake.

Sehemu ya wajane

Kuna mahali ambapo ritifaa ina uzito kuliko maksi. Mahakama za mwanzo za Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyoelekeza Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Kwa Kiingereza sheria hiyo inaitwa Magistrates' Courts Act, jina ambalo nalo huandikwa mara kwa mara bila alama yake. Kiswahili chake kinasema wingi mara mbili na kwa sauti: mahakama za, si ya, mahakimu, si hakimu.

Kwa miongo mingi shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo kwa Kiswahili, likipanda kwa rufani, lilikutana ngazi za juu na Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiruhusiwa penye mahitaji ya haki. Kumbukumbu za miaka iliyotangulia, hata hivyo, zimo katika Kiingereza na bado hutajwa.

Ichukuliwe familia yenye wajane wawili na shamba moja la migomba. Shahidi akisema "sehemu ya mjane", ni mwanamke mmoja. Akisema "sehemu ya wajane", ni wawili wanaogawana. Akisema "sehemu za wajane", kila mmoja ana yake. Mfasiri akiandika "the widow's share", "the widows' share" au "the widows' shares", maana imehifadhiwa. Kinukta kikisogea nafasi moja, ya pili huwa ya kwanza, na mjane mmoja ametoweka katika karatasi. Yakisomwa kwa sauti mbele ya hakimu, masikio hayawezi kugundua. Mfasiri mwangalifu katika hali hiyo huacha ritifaa na kuandika kwa of, "the share of the two widows". Muundo wa of ni -a unganifu ya Kiingereza, wenye kitu mbele na mwenye kitu nyuma, na husema idadi kwa sauti. Wafasiri wa mahakama wangefundishwa kuupendelea, hata kama vitabu vya mtindo vinauona mzito.

Pale Kiswahili kinaponyamaza

Kipimo kilichoelezwa kina mipaka, na ni haki kuionyesha. Wingi wa mwenye kitu husikika katika kiambishi awali chake. Kwa hiyo mwenye kitu akiwa jina la ngeli ya N, lisilobadilika katika wingi, Kiswahili nacho kinanyamaza. "Maziwa ya ng'ombe" ni ya ng'ombe mmoja au wa zizi zima? Ya inapatana na maziwa. Ng'ombe hasemi idadi yake. Kirundi hakisaidii: "amata y'inka" ina ukimya ule ule, kwa kuwa inka ni umoja na ni wingi. Hapa Kiingereza cha maandishi, "the cow's milk" na "the cows' milk", ndicho kinachosema zaidi. Ni moja ya sehemu chache ambapo ritifaa inalipa gharama yake.

Majina ya undugu ya ngeli hiyo yana msaada wake. "Nyumba ya ndugu" haisemi idadi, lakini "nyumba ya ndugu yake" na "nyumba ya ndugu zake" zinasema, kwa kuwa kimilikishi kimechukua y- au z- hata pale ambapo kitenzi kingesema amefika au wamefika. E. O. Ashton alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1944. Wale wanaosahihisha "rafiki zangu" kuwa "rafiki wangu" kwa jina la upatanisho wa viumbe hai wanaiondolea lugha sauti pekee ya wingi iliyokuwa nayo hapo. Kwa mwanafunzi, basi, zoezi la maziwa lifanywe kwa kuongeza kionyeshi: maziwa ya ng'ombe huyu, maziwa ya ng'ombe hawa.

Limebaki suala la Kishubi chenyewe. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za asili ziandikwe. Atakayeandaa tahajia ya Kishubi atalazimika kuamua kama kihusishi cha umilikishi kilichopoteza irabu yake kiandikwe kwa ritifaa, kama Kirundi, au kiungwe na jina bila alama. Uamuzi wa kwanza una faida kwa wasomaji wa pande zote mbili za mpaka, nao huacha mwanzo wa jina la mwenye kitu uonekane wazi, umu- au aba-, mahali ambapo jicho la mtoto anayesoma linahitaji kuuona. Una hasara moja: watoto wa Murukulazo watakuwa na ritifaa ya tatu. Hata hivyo ni hasara ndogo iwapo walimu wataeleza, tangu darasa la kwanza la Kiingereza, kwamba katika z'abagabo alama inasimama mahali pa irabu, katika ng'ara inalinda sauti, na katika teachers' haitamkwi.